Siku Kumi za Shangazi Siwema na Paka wa Ghalani

Shangazi yangu Siwema alijua panya wamemla kwa sababu aliona damu, si kwa sababu alisikia chochote. Aliamka alfajiri ili atawadhe, akavuta blanketi, akaona shuka lina doa jeusi ukubwa wa sahani. Akasogeza kibatari. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa hakina ncha.

“Nikakaa nakitazama kama natazama mguu wa mtu mwingine,” aliniambia miaka mingi baadaye. “Halafu ndipo hofu ikaja. Maumivu yangekuwa afadhali, mwanangu. Maumivu yanakuamsha.”

Hiyo ilikuwa Juni ya mwaka 1956, Ipogolo, pale chini ya mlima wa mji wa Iringa, nyumbani kwa baba yangu Zubery. Mimi, Rukia, nilikuwa na miaka minne. Ninayoyasimulia nimeyapata kwa shangazi mwenyewe na kwa mama yangu Chiku, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupingana isipokuwa kwenye jambo moja ambalo nitalifikia.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Baba yao alitoka Kilwa na mizigo ya nguo, akaoa Iringa, akabaki. Siwema aliolewa Mbeya na dereva wa lori, na huko akajulikana kwa kushona kofia. Siku moja sindano ilimwingia kidoleni mpaka kwenye mfupa naye akaendelea kushona na kuzungumza. Mume wake ndiye aliyeiona. Baada ya hapo yakaonekana mabaka mgongoni, kisha kwenye mashavu. Mume akampeleka kwenye kambi ya wakoma, akamwachia sanduku la nguo, akasema atarudi Jumamosi. Shangazi alikaa kambini miaka mitano. Alimeza vidonge vyeupe kila wiki, mabaka yakafifia, na mwanzoni mwa 1955 akapewa karatasi yenye mhuri inayosema kwamba haambukizi tena. Ila mikono na miguu haikurudiwa na hisia. Sista wa kambini alikuwa akiwaambia, “Macho yenu ndiyo ngozi yenu sasa.” Kwa hiyo kila alipotawadha alikagua vidole kimoja kimoja, juu na chini, kama mtu anayetafuta mwiba.

Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga. Karatasi ile alisomewa mara tatu na bado hakuiamini. Shangazi alipewa chumba cha uani ambacho baba alikijenga kwa kukiegemeza kwenye stoo, na chakula chake mama alikiweka kizingitini, akabisha hodi, akarudi nyuma hatua kadhaa kabla mlango haujafunguliwa. Majirani waliambiwa kwamba wifi yake ana baridi yabisi.

Baba alikuwa na mgahawa kandokando ya barabara kuu, na stooni aliweka unga na magunia ya mchele wa Chimala. Panya walikuwa wengi, wakubwa, na walichimba chini ya ukuta kupita upande wa shangazi. Baada ya asubuhi ile ya damu alijaribu kila njia. Alifunga miguu kwa magunia, wakatoboa magunia. Alilala na viatu vya raba, akaamka vimeng’atwa kisigino. Mwisho akawa analala amekaa, mgongo ukutani, miguu yote miwili ndani ya debe tupu la mafuta ya taa. Sumu mama aliikataa kwa sababu yangu mimi, niliyekuwa ninaokota kila kitu na kutia mdomoni.

Kambini kila nyumba ilikuwa na paka, kwa sababu hiyo hiyo. Shangazi alikuwa ameishi na mama mmoja Mnyakyusa, Atuganile, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekwisha lakini aliwafundisha paka wa porini kukaa ndani. Shangazi alimwona akifanya hivyo mara nyingi. Ila mwaka ule Ipogolo paka hawakuwapo. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia wilayani, mtu mmoja alikuwa amekufa akibwekea maji, na ilitangazwa kwamba mbwa au paka yeyote atakayekutwa nje atapigwa risasi. Watu hawakusubiri bunduki. Waliwaua wa kwao wenyewe kwa rungu.

Alibaki mmoja. Alikuwa paka jike wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limechanika, aliyeishi kwenye ghala la mahindi na pareto ng’ambo ya barabara. Mlinzi wa ghala, mzee Kalinga, alikuwa amemnasa chini ya tenga na kuweka jiwe juu, akingoja wenye bunduki wapite. Baba alilitaja jambo hilo wakati wa chakula, na shangazi akalisikia kupitia ukutani.

Alivuka barabara mchana ule ule. Kwa kawaida hakutoka mchana.

“Kamwene, baba,” akamsalimia kwa Kihehe.

“Kamwene, mwanangu. Wewe ni wa kwa Zubery?”

“Ndiyo. Nasikia umekamata paka.”

“Nimekamata shetani,” mzee Kalinga akasema. “Miaka mitatu yumo humu, sijamgusa hata unyoya. Kesho au keshokutwa watakuja kummaliza.”

“Nipe mimi.”

“Wa kazi gani? Huyu si wa kubembelezwa.”

 Shangazi akafungua kitambaa cha mguu. Mzee Kalinga akainama, akatazama kile kidole muda mrefu, na hakurudi nyuma.

“Walikula ulipolala?”

“Sijui walikula saa ngapi.”

 Mzee akatafuta gunia, wakalitega mdomoni mwa tenga, na paka akaingia kwa kishindo. Gunia likawa linaruka lenyewe chini kama lina watoto watatu ndani. Mzee alilifunga kwa kamba ya katani, akamwambia alibebe mbali na mwili. Shangazi alivuka tena barabara, akapita uani, akaingia chumbani, akafungua fundo. Paka alitoka kama jiwe la manati. Shangazi akamdaka kwa mikono miwili ili asitoroke kupitia mlangoni, akamtupia ndani, akatoka, akaufunga. Akasimama nje anahema, amefurahi.

Mama alikuwa anafua pale uani. Ndiye aliyeona damu ikidondoka kutoka kwenye ncha za kanga.

“Wifi! Mkono! Mkono wako!”

Shangazi akauinua mkono wa kushoto. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na matundu manne, mawili juu na mawili chini, yanabubujika.  Aling’atwa akiwa macho, mchana, na hakujua.

Kwenye zahanati dresa alikuwa kijana mmoja wa Kilutheri, Sedekia, mpole lakini asiyeficha neno. Aliuosha mkono kwa sabuni na maji muda mrefu mpaka mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akachoka kusimama.

“Paka mwenyewe yuko hai?” akauliza.

“Yuko chumbani,” shangazi akasema.

“Msimuue. Sikilizeni vizuri. Dawa ya kichaa ni sindano kumi na nne za tumboni na hapa sina hata moja. Naziagiza leo, sijui zitafika lini. Mkimuua huyo paka hatutajua alikuwa na nini. Mfungieni siku kumi. Mwenye kichaa hazimalizi siku kumi, anakufa. Akizimaliza akiwa mzima, na wewe mama umepona.”

“Na asipozimaliza?” mama akauliza.

Sedekia alikausha mikono yake kwanza. “Mwangalieni kama anakula. Zaidi ya yote, mwangalieni kama anakunywa maji. Akianza kuyaogopa maji, mje hata kama ni usiku.”

Aliandika karatasi ya kuwaonyesha wenye bunduki, akawapa.

Baba jioni ile alishika panga. Alisema dada yake hawezi kulala chumba kimoja na mnyama wa namna ile, bora auawe na Mungu aamue. Lakini paka alikuwa amekwisha kupanda juu kwenye boriti chini ya bati, macho mawili gizani, na hakuna aliyekuwa tayari kupanda kumshusha. Chumba kingine hakikuwepo isipokuwa ndani kwetu. Baba alimtazama mama. Mama alitazama chini. Shangazi akasema, “Nitalala kwangu.” Kesho yake mama alinipeleka Mlandege kwa bibi mzaa mama, akaniacha huko na nguo zangu. Yeye mwenyewe akarudi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakubaki na mimi, alisema nyumba ingemnyooshea kidole.

Kwa hiyo shangazi alifungiwa na yule paka. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, dirisha dogo la ubao, na sanduku la mbao nyembamba lililokuja na majani ya chai kutoka Mufindi. Alifanya kama alivyomwona Atuganile akifanya. Alililaza sanduku pembeni, akatandika gunia kuukuu ndani, akaning’iniza kanga mbele yake ili pawe pango. Kwenye karai bovu alitia mchanga na majivu. Akaweka kibakuli cha maji na kipande cha samaki wa Ruaha, mbali na mkeka wake. Kisha akakaa sakafuni. Atuganile alikuwa akisema paka wa porini haogopi nyumba, anaogopa ukubwa wako, kwa hiyo jifanye mdogo, mpe ubavu, usimtazame machoni, na umwache aizoee sauti yako. Shangazi hakuwa na la kumwambia paka. Akawa anasoma Yasini kwa sauti ya chini, mara moja, mara mbili, mpaka alipokumbuka kwamba Yasini husomewa pia mtu anayekata roho, akanyamaza ghafla, akajiona mjinga, akaanza tena.

Siku ya kwanza paka hakushuka. Alikojoa kutoka juu, mkojo ukalowesha godoro. Siku ya pili aliteremka wakati shangazi amesinzia, akaingia kwenye sanduku. Samaki alikuwa pale pale, amekauka. Maji yalikuwa pale pale. Shangazi alikuwa amechora mstari wa mkaa ndani ya kibakuli ili ajue kama yamepungua, na yalikuwa kwenye mstari.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa kweli. Paka mwitu aliyefungiwa huweza kukaa siku mbili tatu bila kula kwa hofu tu. Hilo alilijua, alikuwa ameliona kambini. Lakini mwenye kichaa naye hali wala hanywi. Nani angemwambia tofauti? Alisikiliza kutoka kwenye sanduku. Kulikuwa na mkoromo wa chini chini kila aliposogea, na hakujua kama ni hasira au ugonjwa. Kila asubuhi alijivua nguo na kukagua mwili mzima kwa kipande cha kioo, kwa sababu angeweza kung’atwa tena usingizini asijue.

Siku ya tatu saa nne asubuhi bunduki zikaanza kulia. Walikuwa wanapiga mbwa kandokando ya mto. Kwa kila mlio paka alitoka kwenye sanduku, akaparamia ukuta, akaanguka, akaparamia tena, akaangusha taa ya chemni ikapasuka. Shangazi alijikunja pembeni amejifunika blanketi, amebana miguu chini yake. Alikuwa anaogopa vipande vya kioo kuliko makucha, maana angeweza kuvikanyaga na kutembea navyo siku nzima.

Kisha wanaume wawili wakabisha hodi uani. Mama aliwatolea ile karatasi. Mmoja aliisoma akitembeza kidole.

“Yuko wapi?”

“Yuko ndani. Amefungwa.”

“Anakula?”

Mama hakuwa amelala tangu siku ile. Kila asubuhi alikuwa amemuuliza shangazi swali hilo hilo kupitia mlango, na jibu lilikuwa hapana. Angesema hapana pale, wangefungua mlango na kupiga risasi, na yote yangekwisha, hata hofu yake.

“Anakula,” mama akasema. “Anakula vizuri. Amekunywa na maziwa.”

Wakaenda zao. Mama aliniambia hakujua ule uongo ulimtokaje. 

Siku ya nne shangazi alipaliwa. Alikuwa anakunywa chai, tone likaenda njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na wazo moja likampiga kama kofi: imeanza kwangu. Aliinua tena kikombe. Koo likakataa. Akajaribu maji. Alipoyaona yakitikisika kikombeni, moyo wake ukaanza kwenda mbio, na hakuweza kuyapeleka mdomoni. Tangu hapo hakunywa kitu, mchana ule na siku iliyofuata. Midomo ikapasuka. Chumba kile kikawa na viumbe wawili na vyombo viwili vya maji ambavyo hakuna aliyevigusa.

Mama aligundua siku ya tano, alipochukua vyombo kizingitini. Kikombe kilikuwa kimejaa, kama alivyokileta.

“Wifi,” akaita. “Mbona hukunywa?”

Akagonga ubao wa mlango.

“Wifi Siwema!”

“Koo limekataa,” shangazi akajibu kutoka ndani. Sauti ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa wa siku nyingi.

Mama alisema mwili wote ulimwambia akimbie. Barabara ilikuwa pale, mabasi ya mjini yalikuwa pale, na mtoto wake alikuwa Mlandege. Akakaa chini, kwenye udongo, mgongo kwenye ule mlango.

“Limekataa tangu lini?”

“Tangu jana. Nilipaliwa.”

“Ulipaliwa kwanza, au lilikataa kwanza?”

Shangazi akafikiri. “Nilipaliwa kwanza.”

“Basi ni woga,” mama akasema. “Mimi naujua woga, wifi. Nilipokuwa na mimba ya Rukia nilikaa siku mbili sijameza ugali kwa sababu niliota nimekabwa na mfupa. Ni woga huo.”

“Hujui, Chiku.”

“Sijui. Lakini nimekaa hapa.”

 Mama akaanza kuzungumza mambo yasiyo na mpango, bei ya kuni, kaka yake aliyehamia Igowole, maandazi yaliyoungua mgahawani. Halafu, kwa sauti ile ile, akasema, “Kikombe chako nilikipiga alama ya rangi chini. Ili kisichanganyike.”

“Najua.”

“Ulijua tangu lini?”

“Mimi huangalia vitu, wifi. Kazi yangu ni kuangalia.”

Kisha shangazi akanong’ona, “Nyamaza.”

“Nini?”

“Nyamaza, nyamaza kabisa.”

Kanga ya mbele ya sanduku ilikuwa imesogea. Kichwa chenye sikio lililochanika kilitoka, kikasimama, kikarudi, kikatoka tena. Paka alikwenda tumbo likiburura chini, akafika kwenye kibakuli. Akakinusa. Shangazi hakupumua. Paka akatoa ulimi akanywa, akanywa, akaacha akasikiliza, akanywa tena. Sauti ya ule ulimi, shangazi alisema, hakuwahi kusikia kitu kitamu kama hicho, hata adhana.

“Anakunywa,” akanong’ona. “Chiku, anakunywa maji.”

Mama nje alijifunika uso kwa kanga. Shangazi akachukua kikombe chake, chai imepoa na kufanya ngozi juu, akakipeleka mdomoni kwa mikono miwili. Nyingi ilimwagikia kifuani. Nyingine ilipita.

Usidhani hofu iliishia hapo. Siku tano zilikuwa zimebaki, na Sedekia alikuwa amesema kumi. Lakini paka sasa alikula, ingawa ni pale tu shangazi alipogeuza uso. Kila siku shangazi alisogeza samaki karibu na mkeka kwa kiasi cha kiganja. Paka alitumia karai la majivu. Alikwenda juu ya sanduku, akalala jicho moja likiwa wazi.

Asubuhi ya siku ya nane, mama alikuwa anawasha moto aliposikia ukelele. Shangazi alikuwa ameamka, amevuta blanketi, ameona damu. Damu nyingi, pale pale miguuni, kama ile mara ya kwanza. Paka alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kitanda, mdomo mwekundu. Amenila, shangazi akawaza. Nimemleta mwenyewe anile.

Na hapa ndipo wanapopingana. Shangazi alisema mama alibisha hodi. Mama alisema hakubisha, aliusukuma mlango kwa bega. Vyovyote iwavyo, aliingia mle chumbani kwa mara ya kwanza tangu shangazi arudi kutoka kambini. Paka akaruka juu ya boriti. Mama akapiga magoti, akaushika mguu wa shangazi kwa mikono yake mitupu, akaufuta kwa upindo wa kanga, akaanza kuhesabu vidole kwa sauti. Akashika na wa pili.

“Tisa na nusu,” akasema. “Wifi, viko vile vile. Tisa na nusu.”

Kwenye mkunjo wa shuka alilala panya mkubwa, hana kichwa.

Mama aliniambia hakuuachia ule mguu mpaka jua likapanda.

Siku ya kumi Sedekia alikuja mwenyewe. Alichungulia mlangoni. Paka alimtazama kutoka juu ya sanduku, akajinyoosha, akageuza mgongo. Sedekia akacheka, kisha akauangalia mkono wa shangazi na akaacha kucheka, kwa sababu matundu yale yalikuwa yamevimba na kutunga usaha. Kichaa hakikuwepo, lakini mkono ule ulioshwa na kufungwa wiki tano, na kidole cha shahada hakikukunjika tena. Sindano zilifika kutoka pwani mwezi wa Agosti. Hakuna aliyezihitaji.

Mimi nilirudishwa nyumbani nikakuta kuna paka. Mama alimwita Mpangaji, kwa sababu anakaa bila kuaga wala kusalimu. Hakukubali kuguswa mpaka Septemba, na hata hapo ni shangazi peke yake. Mikononi shangazi hakusikia manyoya, kwa hiyo aliinama akamlazia shavu mgongoni. Mashavu yake yalikuwa yamerudiwa na hisia. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, macho amefumba. Panya wa stooni walipungua, mashimo chini ya ukuta yakazibwa, na debe likarudishwa kwenye mafuta ya taa.

Lakini alibaki mwoga, hilo nisilifiche. Mpangaji akichelewa kurudi kutoka uani, shangazi alikaa kitako mpaka arudi. Mpangaji alipokufa, mwaka 1963, alilala amekaa kwa wiki mbili hadi baba alipopata mwingine huko Mlandege. Majirani nao walikuja kujua ugonjwa wake, wawili watatu wakaacha kuja kwetu na mmoja hakurudi kamwe. Mzee Kalinga aliendelea kuja mpaka alipohamia kwa mwanawe.

Shangazi Siwema alifariki kwa homa ya mapafu mwaka 1971, hapo hapo Ipogolo. Wanawake walipokusanyika kumwosha walisitasita mlangoni, wakitazamana. Mama akaingia peke yake, akaomba maji. Aliniambia alipofika kwenye miguu alisimama kidogo, kwa sababu aligundua anaogopa tena, na hakujua ni hofu ya nini. Akamwaga maji, akaendelea.